Kinanda cha Mdomo na Mizani ya Sauti

Mwezi wa Aprili, mwaka wa 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya mji wa Malindi, na msafiri mmoja aliyekuwamo akaandika habari za mapokezi. Vyombo vya muziki hakuvisahau. Mfalme wa Malindi alikuwa na wapiga tarumbeta, na pamoja nao siwa mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, kila moja ukubwa wa mtu, zenye kupulizwa kwa tundu la ubavuni. Na mwandishi huyo mgeni akakiri kwamba sauti za siwa zilipatana vema na sauti za tarumbeta. Tafadhali, msomaji, lishike neno hilo la kupatana, maana ndilo nitakalolizungumza. Pale pwani hapakuwa na kioo cha kuonyesha kwamba sauti hii imepanda au ile imeshuka. Watu walipatanisha kwa masikio.

Siku hizi kijana wa Malindi, wa Takaungu au wa Kaloleni anayetaka kujifunza kinanda cha mdomo, ambacho wengine hukiita hamonika, aghalabu hana mwalimu wa chombo hicho karibu naye. Hata hivyo, simu iliyomo mfukoni mwake, au kompyuta ya shule, yaweza kubeba programu zinazopunguza mwendo wa wimbo, zinazopima sauti, zinazogonga mapigo na zinazoandika noti. Na nyingi katika hizo hazilipiwi hata senti moja. Ni zawadi kubwa. Lakini zawadi nayo hukaguliwa, na kazi yangu katika kurasa hizi ni kuzikagua programu hizo kwa jicho la mtu anayetaka kupiga nyimbo za pwani, si kwa jicho la mwuzaji, wala la yule anayeshangilia kila kitu kipya kwa kuwa ni kipya.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Matthias Hohner alianza kutengeneza vinanda vya mdomo katika mji wa Trossingen, Ujerumani, mwaka wa 1857, na kampuni yake ikakieneza chombo hicho duniani kote. Ndani yake mna ndimi nyembamba za shaba ambazo hutetemeka pumzi ipitapo. Harmonia ya Kihindi na akodioni, ambazo zimeingia katika taarabu, hulia kwa njia iyo hiyo, ila kwa hizo upepo hutoka katika mivukuto badala ya mapafu. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyekua akisikia taarabu amekwisha kuzisikia ndimi za ukoo huu, hata kama hajapata kukishika kinanda cha mdomo.

Kinanda cha kawaida kina matundu 10. Kila tundu lina sauti mbili, moja ya kupuliza na moja ya kuvuta, nazo zimepangwa ili anayeanza apate sauti zinazopatana bila ya taabu. Lakini mpango huo una mapengo. Ukianza Do kwa kupuliza tundu la kwanza, utapata Re kwa kulivuta tundu lilo hilo, na Mi kwa kupuliza tundu la pili; kisha utaitafuta Fa usiione. So ipo, La haipo, Ti ipo, na Do ya juu ipo katika tundu la nne. Fa na La za chini hazikutiwa. Sharti mpigaji azizae mwenyewe kwa kubadili umbo la kinywa na ulimi wake anapovuta pumzi, hata sauti ya tundu la pili ishuke kutoka So mpaka Fa, na ya tundu la tatu ishuke kutoka Ti mpaka La. Kazi hiyo ndiyo kuipinda sauti. Ndipo wengi wanapokata tamaa, na ndipo programu zinapoanza kuwa na maana.

Kabla ya kuzifungua, neno moja juu ya bei. Kiswahili kimetupa maneno mawili pale ambapo Waingereza hutumia moja: bure na huru. Programu ya bure hailipiwi, lakini mwenyewe aweza kuifunga kesho, au kuijaza matangazo, au kuzipeleka habari zako mahali asipokuambia. Programu huru ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadili na kuwapa wenzake. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Audacity, programu ya kompyuta ya kunasa na kuhariri sauti iliyotolewa mwaka wa 2000, ni programu huru. Mwaka wa 2021 iliingia mikononi mwa kampuni ya Muse Group, na tangazo la kampuni hiyo juu ya habari za watumiaji likawaudhi wengi. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi, watu wengine waliyachukua wakaanzisha programu zao, na kampuni nayo ikalirekebisha tangazo lake. Kama ingalikuwa programu ya bure tu, watumiaji wangalibaki kunung'unika. Kwa simu za Android iko ghala ya programu huru iitwayo F-Droid, nami ningekushauri ubishe hodi huko kabla ya kupakua kitu cha kwanza kitakachokuja mbele ya macho yako.

Sasa tuzikague kazi zenyewe. Iliyo bora, kwa maoni yangu, ni ile ya kupunguza mwendo. Zamani aliyetaka kujifunza wimbo kwa santuri aliweza kuipunguza mbio sahani, lakini sauti nayo ilishuka, hata mwimbaji mwanamke akalia kama mzee mwenye mafua. Audacity huurefusha muda wa wimbo bila ya kuishusha sauti. Nayo VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Ufaransa mwaka wa 1996, hufanya hivyo hata katika simu. VLC haikutungwa kwa ajili ya wanafunzi wa muziki. Ni programu ya kutazamia sinema na kusikilizia nyimbo. Hata hivyo, kwa mpigaji asiye na kompyuta naiweka mbele ya programu nyingi zilizojipamba kwa jina la mwalimu.

Jaribu uone. Chukua wimbo mmoja wa hayati Zein l'Abdin, mpiga udi aliyezaliwa Lamu, uupunguze mwendo hata ufike nusu, kisha urudie kipande kifupi mara kumi. Pambo ambalo kwa mwendo wake wa kawaida lilipita kama mbayuwayu sasa litakaa mbele yako. Utasikia kwamba sauti nyingine haikurukia mahali pake, bali iliteleza kutoka chini, ikatua, ikatikisika kidogo, ndipo ikaondoka. Umefundishwa na aliyepiga. Programu yenyewe haikutia neno, nayo inastahili sifa kwa kunyamaza.

Kazi ya pili ni ya mizani ya sauti, na hapa sifa zangu zinaanza kupungua. Mizani hii husikiliza kwa maikrofoni ya simu, huhesabu mitetemo ya sauti kwa kila sekunde, kisha huandika jina la sauti na kuonyesha mshale. Mshale ukisimama katikati, kioo huwa kijani. Ukienda pembeni, huwa chekundu. Kipimo chake ni senti. Oktava moja imegawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua ina senti 100, kama shilingi yetu. Basi oktava nzima ni senti 1200. Kituo cha kuanzia ni La ya mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo mkutano wa mataifa uliofanyika London mwaka wa 1939 uliipendekeza.

Siikatai faida yake. Mwanafunzi anayejifunza kuipinda sauti ya tundu la tatu hawezi mwanzoni kujua amefika wapi, maana tundu hilo hushuka hatua nzima tatu na njiani hakuna kizingiti. Mizani itamwambia: hapa umefika senti 100 chini ya Ti, hapa 200, ndiyo La uliyokuwa ukiitafuta. Juma moja la kufanya hivyo laweza kumwokolea miezi ya kubahatisha. Kwa kazi hiyo mshale ni kama fimbo ya anayejifunza kutembea gizani, na sioni sababu ya kuikataa fimbo.

Lakini wengi hawaitumii kama fimbo. Wanaitumia kama hakimu. Kijani ni haki, nyekundu ni makosa. Na baada ya miezi michache kijana huyo hasikilizi tena anachokipiga, anakitazama. Ningekuwa na subira na jambo hilo kama hakimu mwenyewe angekuwa hana upendeleo. Anao, tena unaonekana hata kwa kinanda kilichotoka kiwandani leo. Watengenezaji wengi hutia La yao juu kidogo ya 440, kwa kuwa wanajua kwamba pumzi ya mpigaji huishusha sauti. Tena vinanda vingine, hasa vya mtindo wa zamani, havikupatanishwa kwa hatua 12 sawa. Mafundi walichagua kuishusha Mi kiasi cha senti 14, ili Do, Mi na So zikilia pamoja zilie kwa utulivu, bila ya ule mtetemo wa kugombana ambao sikio huusikia katika sauti zisizokubaliana. Mizani ya simu, kama haikurekebishwa, itaiona Mi hiyo tamu na kuitia wekundu. Mwanafunzi ataubana mdomo kuisahihisha sauti ambayo fundi aliipatanisha makusudi!

Hilo ni kosa dogo. Kubwa linakuja tunapoiingiza nyumbani mizani hiyo. Udi hauna vizuizi katika shingo yake. Kidole huenda kinakotaka. Wapiga udi waliozijua njia za Kiarabu huzitumia sauti zilizo kati ya hatua mbili za piano. Katika njia iitwayo rasti sauti ya tatu huangukia karibu na katikati ya ile ambayo piano huiita ndogo na ile inayoiita kubwa, yaani karibu na senti 350 kutoka sauti ya kwanza. Piano haina kitufe cha sauti hiyo. Kinanda cha mdomo je? Hapa, msomaji, kishike kinanda chako. Anza na So kwa kulivuta tundu la pili. Lipinde tundu la tatu mpaka La. Kisha lilegeze, lakini usiliachie lifike Ti; lizuie nusu ya njia. Halafu puliza tundu la nne upate Do, livute upate Re. Umezipiga sauti tano za kwanza za rasti kwa chombo cha kiwanda cha Ujerumani ambacho mwanzilishi wake, naamini, hakupata kuifikiri Lamu hata siku moja.

Mahali papo hapo, katika tundu la tatu lililopindwa kidogo, ndipo Wamarekani weusi walipoitia roho ya muziki wao wa bluzi. Na wao huifanya So kuwa nyumbani, na sauti ya tatu huishusha mpaka ikae katikati, si kubwa wala si ndogo. DeFord Bailey, aliyezaliwa mwaka wa 1899, mjukuu wa mtumwa, alisikika kwa kinanda chake katika redio ya Nashville tangu miaka ya 1920. Na Little Walter, aliyefariki mwaka wa 1968, aliupeleka ufundi huo mbele sana mjini Chicago. Sisemi kwamba bluzi na taarabu ni ndugu wa tumbo moja. Njia zao ni mbali mbali. Nasema tu kwamba wote wawili walihitaji sauti ya katikati, na kinanda hiki kidogo kikawapa nafasi. Mizani ya simu huwaonyesha wote wawili rangi nyekundu.

Kichekesho ni hiki. Senti ambazo mizani hupimia zilibuniwa na Mwingereza, Alexander Ellis, na mwaka wa 1885 alitoa andiko lake juu ya mizani za sauti za mataifa mbali mbali. Alipima vyombo vya Uhindi, vya Java, vya Japani na vya kwingineko. Je, aliona kwamba wote wamekosea? La hasha. Aliona kwamba mpangilio wa sauti si mmoja wala hautokani na sheria moja ya maumbile. Kila watu wamejiwekea wao. Yaani mwenye kuivumbua rula aliivumbua ili aonyeshe jinsi urefu wa vitu unavyotofautiana, na warithi wake wakaifanya rula kuwa urefu wa pekee unaoruhusiwa. Katika miaka ya 1950 Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Afrika mwaka wa 1954, alitembea Afrika ya Mashariki akiwa na mashine ya kunasia sauti na uma za chuma ambazo kila moja hulia sauti moja tu. Alikilinganisha chombo na uma zake, akaandika hesabu ya mitetemo, akakiacha kama alivyokikuta. Hiyo ndiyo kazi halali ya kipimo, na mtu aweza kuikosoa mengineyo kazi ya Tracey bila ya kumnyima sifa hiyo.

Programu za kugonga mapigo nazipita upesi. Mgongo wake ni mmoja, tik tik, kama saa ya ukutani, na kwa zoezi la pumzi unatosha. Kwa wimbo wa Kigiriama hautoshi, kwani kayamba aghalabu hubeba mapigo ya tatu tatu na ya mbili mbili yakipishana, na anayefuata saa ya ukutani atausikia upande mmoja tu. Dawa yake ni nyepesi: mnase mpiga kayamba kwa dakika tano, uifanye sauti hiyo kuwa saa yako. Audacity itairudia hata uchoke wewe. Ama programu za kuandika noti, MuseScore ya kompyuta ni huru na ni nzuri sana, na watumiaji wameitungia nyongeza ya kuandika namba za matundu chini ya noti. Angalia tu usiichanganye na ile ya simu yenye jina lilo hilo, ambayo ni biashara nyingine. Noti zake nazo zimezaliwa katika zile hatua 12, ingawa zimo alama za sauti za katikati kwa anayejua kuzitafuta.

Na hapo ndipo uhuru wa programu unapokuwa na thamani kuliko bei yake. Zimo mizani huru zinazokubali kubadilishwa kipimo: waweza kuihamisha La kutoka 440, na kuchagua mpangilio mwingine badala ya ule wa hatua sawa. Ambayo haikubali, maandishi yake yako wazi. Kijana wa Kilifi anayesoma kompyuta, akikaa na mpiga udi jioni moja, au na fundi wa zumari anayetoboa matundu kwa mkono, aweza kuzipima sauti zao na kuiandikia mizani hiyo ukurasa mpya, ili mshale usimame katikati pale ambapo mpigaji amepatia kwa sheria ya nyumbani kwake. Ni kazi ya hesabu za kidato, si uchawi. Mpaka hapo itakapofanywa, ushauri wangu ni kuifunga mizani kila unapojifunza wimbo wa pwani, na kuifungua unapofanya mazoezi ya kuipinda sauti peke yake.

Kitu kimoja ambacho simu yoyote yaweza kukifanya leo ni kunasa. Mwombe ruhusa mzee kabla ya kuubonyeza mtambo, na mwambie utaifanyia nini sauti yake. Kaeni ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa maana upepo wa kusi ukiingia katika maikrofoni huisaga sauti ya zumari ikawa kama mchanga. Usiweke simu karibu sana na ngoma. Kabla hajaanza, atamke mwenyewe jina la wimbo na mahali ulipochezwa. Na wewe baadaye uliandike faili jina la kijiji, mwezi na mwaka, kisha umpelekee nakala.